Haina Neno na Ncha ya Chupa

Kazini walimwita Bibi Unywele, maana aliweza kugombana nawe kutwa nzima juu ya kitu chembamba kama unywele. Alichora kalibu, yale maumbo ya chuma ya kumiminia plastiki: za vali ndogo, vifuniko, ncha za chupa za dawa ya macho zisizozidi punje ya mahindi. Katika michoro yake, mahali nusu mbili za kalibu zinapokutana hapakukaa kamwe nchani. Alipashusha chini, jicho lisikofika. Wenzake walidhani ni tabia yake tu. Hawakujua kwamba kazi hiyo aliisomea kwa hasira.

Alipokuwa msichana, mama yake alikuwa akijitia dawa, ncha ya chupa ikamgusa jicho. Plastiki ilikuwa imevuja kwenye kiungo cha kalibu na kuacha ukingo mkali usioonekana. Ulimkwaruza mboni, kidonda kikatunga usaha, jicho la kulia likazima. Mama na binti wakaipeleka chupa kwa mwenye karakana iliyotengeneza ncha ile. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Haina neno, mama. Labda kucha zako."

Tangu hapo, nyumbani kwao mwenye karakana yule alijulikana kwa jina la Haina Neno.

Miaka ikapita, Bibi Unywele akawa ndiye anayekagua sampuli katika kiwanda cha dawa. Asubuhi moja akaingia mzee mwenye mvi na boksi la ncha. Alimtambua kuwa ni Haina Neno kwa kile kidole gumba, kilivyopapasa kila kitu mezani. Mzee hakumtambua.

"Karibu, mzee," alisema, akamvutia kiti.

Akaweka ncha moja chini ya hadubini. Ukingo ulikuwepo, palepale. Moyo ukamruka kwa furaha, tena furaha mbaya.

"Vipi, mwanangu, ziko sawa?"

"Wewe unazionaje?"

"Mimi naona hazina neno."

Akaichomeka ncha kwenye chupa ya maji safi, akamsogezea. "Basi jidondoshee, mzee. Jicho lolote."

Mzee akacheka, akainua chupa. Kisha akaona jinsi Bibi Unywele alivyomkazia macho, akaishusha chupa. "Ngoja kwanza. Hebu nami nichungulie."

Alichungulia kwa muda mrefu.

"Kalibu ni ileile ya zamani," alisema taratibu. "Haijawahi kuleta shida."

"Mama yangu alikuletea shida hiyo mkononi. Ukamwambia ni kucha."

Mzee alibeba boksi lake akatoka. Alasiri hiyo Bibi Unywele alimpigia simu kila mnunuzi wa ncha aliyemfahamu, akamweleza alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

Jioni alimsimulia mama yake, akitarajia sifa. Mama aliendelea kukunja nguo.

"Kwa nini ulimwachia achungulie?"

"Ningemwacha aumie, mama?"

"Mimi nani aliniwahi?"

Binti akachukua nguo moja, akaanza kuikunja.

Karakana ilifungwa mwaka uleule. Siku hizi mzee anatengeneza vifuniko vya ndoo mahali fulani. Bibi Unywele anajua ni ndoo zipi, na nani anazinunua.