Buloni Zilizofungwa Kavu

Juzi mjukuu wangu alikuwa uani akipigana na buloni ya pikipiki yake, ile bolti inayoshika gurudumu. Akavuta, akatukana, akachukua nyundo. Nilimuuliza kama aliipaka mafuta alipoifunga, akacheka: "Bibi, buloni nayo inakula mafuta?" Ndugu yangu, damu ilinipanda kichwani. Maneno hayo hayo aliyasema baba yangu enzi za Wabelgiji, nami nilidhani tulimzika nayo.

Baba aliendesha kamyo, lori la mfanyabiashara mmoja. Alipeleka chumvi na vitambaa Kabambare, akarudi Kasongo na pamba na mchele. Nyumba yetu ilinuka petroli na mawese kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuosha magurudumu, na matope yale mekundu yaliingia mpaka kwenye meno ya buloni. Fundi wa garaji alimwonya baba mbele yangu: "Mukubwa, hapana kufunga kavu. Safisha meno, paka hii mafuta nyeusi kidogo tu. Kutu ikishika, hazitatoka." Akampa na kopo. Baba akalirudisha. Mama alimkumbusha, nami nikamkumbusha, mpaka akatukataza kutaja buloni wakati wa chakula.

Kisha dada yangu akapata mchumba Kabambare. Padri angefika huko Jumamosi moja tu, halafu aendelee na safari yake ya vijijini. Ijumaa asubuhi tukapanda juu ya magunia pamoja na kuku, masufuria na mashangazi waliokuwa wakiimba. Tulipopita Lusangi, gurudumu la nyuma likapasuka.

"Kidogo tu, tunaondoka," baba alisema, akaweka kle, ile spana ya kufungulia gurudumu. Buloni haikusogea. Akasimama juu ya kle, akarukaruka kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Mbili zilitoka, ya tatu ikakatika, zilizobaki zikakataa kabisa. Mvua ikaanza. Mashangazi wakanyamaza mmoja mmoja.

"Baba watoto, fundi alikuambia nini?" mama aliuliza kutoka juu.

"Niache kwanza!"

"Nimekuacha tangu mwaka jana!"

Dada alishuka, akavua viatu vyake vyeupe, akavishika mkononi, akaanza kutembea. Tukamfuata. Tulilala njiani mara mbili, usiku mmoja kwa kantonye, yule mtengeneza barabara, na Jumapili tukaingia Kabambare na matope hadi magotini. Padri alikuwa ameshaondoka. Chakula cha arusi kilikuwa kimeliwa. Dada alikaa mwezi mzima kwa wakwe akimngoja padri arudi, si mgeni, si mke, huku wanawake wa pale wakimtazama miguu.

Baba alinunua kopo lake mwishowe. Alipaka buloni zote, akapaka na bawaba za milango, mpaka mama akaficha masufuria. Msamaha hakuomba. Dada naye hakumlaumu, ila hakupanda tena kamyo ile. Alipokuja kututembelea Kasongo alitembea siku kadhaa, mtoto mgongoni. Mara nyingi baba alimkuta njiani, akasimama, akamfungulia mlango.

"Panda, mwanangu."

"Aksanti, baba. Nitafika."

Siku hizi kamyo hazipiti tena huko. Barabara imebaki uchochoro wa pikipiki, na garaji imeota majani. Baba na dada wamelala udongoni. Mimi bado nina hasira, na mpaka leo sijajua nimkasirikie nani kati yao.