Mama Tangi na Kisanduku cha Fundi

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika pale kiwandani. Walimwita Mama Tangi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa tangi la mafuta ya kupikia sabuni: kufungua koki, kufunga koki, na kila asubuhi kupanda ngazi na kuchovya kijiti cha kupimia. Aliingia pale kama mwosha mapipa, mumewe angali hai. Kuamini watu hakukuwa kwake. Hata chumvi ya jikoni aliikadiria kwa jicho kabla ya kutoka, na akirudi aliitazama tena.

Aliyemwamini ni mmoja tu, mdogo wake, mlinzi wa getini, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Sasa huyo huyo ndiye walikuwa wanamwita mwizi.

Balaa ililetwa na kioo kipya cha ofisini, kilichounganishwa na tangi kwa waya, cha kuonyesha kiasi cha mafuta bila mtu kupanda ngazi. Mchana, mashine ya kukorogea ikianza kunguruma, kioo kilionyesha mafuta yameshuka. Jioni ikizimwa, mafuta yamerudi. Karani akapata jibu lake: mlinzi anachota, kisha anajazia maji. Lisemwalo lipo, watu wakaitikia, na kama halipo laja. Bosi akampa mlinzi mpaka mwisho wa wiki. Isipojulikana sababu, arudishe sare.

Mama Tangi alisema kijiti chake hakijaona upungufu wala maji. Karani akacheka, akauliza tangu lini dada mtu akawa shahidi. Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko hilo. Mdogo wake alikuwa anavaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na hakusema amevitoa wapi. Wiki ile Mama Tangi alipanda ngazi asubuhi na jioni, akichovya kijiti mara mbili mbili, na mara ya mwisho aliyasugua kati ya vidole mafuta ya ncha ya kijiti, yaliyotoka chini kabisa ndani ya tangi, akitafuta maji. Watu walimwona.

Bosi akaita fundi wa mitambo, mwanamume wa miwani minene. Fundi akafuata nyaya mpaka akakuta waya wa tangi umelala ndani ya bomba moja na waya mnene wa umeme wa mashine ya kukorogea. Akaukata ule wa tangi, akaunganisha katikati kisanduku kidogo kama kiberiti. Kioo kikatulia.

Bosi akafurahi. Mama Tangi akaona hapa pana mchezo. Kama kisanduku kimefundishwa kusema uongo, mwizi wa kweli amefunikwa, na siku tangi likilia tupu, atakayetupiwa mzigo ni mdogo wake.

"Waya umeukata," alimwambia fundi.

"Nimeukata, mama."

"Na habari inapitaje?"

Fundi akaeleza kwamba ndani mna taa ndogo sana. Upande wa tangi unaiwasha, upande wa ofisi unaiona. Ni kama watu wawili wanaozungumza kwa mikono kupitia dirisha la kioo. Habari inapita, vumbi halipiti. Ule umeme mchafu wa mashine unabaki nje.

"Na mwenye dirisha ni nani? Wewe?"

Akamgeukia bosi. "Kitolewe. Na kama kijiti changu hakiaminiki, basi kishike wewe."

Bosi akapanda ngazi na tai yake. Kisanduku kikatolewa, mashine ikawashwa, kioo kikaporomoka. Kule juu bosi akachovya kijiti, akachovya tena. Mafuta yalikuwa palepale. Kisanduku kikarudishwa, na mashine ikinguruma vilevile, kioo kikapanda kikasema sawasawa na kijiti. Bosi akashuka mkono wa shati umelowa mafuta. Karani alikuwa amekumbuka kazi stoo.

Mama Tangi alikuja kumkamata fundi, akawa amemwokoa mdogo wake. Msamaha hakuomba. Alimwambia tu skrubu moja haikukazwa vizuri.

Jioni mlinzi alifika kwa dada yake, akabaki amesimama mlangoni.

"Dada, wiki hii nzima kijiti chako kilikuwa kinapima tangi, au kilikuwa kinanipima mimi?"

Mama Tangi aliendelea kuchambua mchele. "Vyote viwili. Na hivyo viatu?"

Mlinzi akainama, akavivua, akavisukuma mpaka miguuni pa dada yake.

"Ungeuliza tu," akasema, akaondoka peku.

Mama Tangi akavigeuza. Soli mpya, rangi mpya. Akaingiza mkono ndani, na kisiginoni vidole vikakuta mshono wa uzi mnene, umepinda kidogo. Ulikuwa mkono wake mwenyewe. Vilikuwa viatu vya marehemu mumewe, alivyompa mdogo wake akavitupe.

Asubuhi aliwahi getini kabla ya watu, akaviweka viatu juu ya kiti cha mlinzi, vimefutwa vumbi. Kisha akaenda kupanda ngazi yake. Kijiti safari hii alikichovya mara moja tu, hakurudia.