Saa Mbili Iliyokuja Saa Nane

Jamani, hili jambo nimelificha weee, lakini kwa kuwa huku Kyerwa sasa linasimuliwa hadi kwenye foleni ya mashine ya kusaga, tena limetiwa chumvi (kuna wanaosema nilivua suruali, sikuvua, ilichanika), bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi mtu wa Muleba, nimekulia kando ya ziwa kubwa, na hilo ndilo lililoniponza, maana mtu wa Muleba akifika kwenye kaziwa kadogo ka huku anajiona nahodha. Nilikuwa nimekaa miezi bila kazi kwa dada yangu kule Nyakahanga (shemeji alishaanza kuniuliza "bado upo?" kila asubuhi badala ya salamu), ndipo nikasikia kuna Mama Renatha, mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, amenunua kayaki mbili, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki unavyokalia umenyoosha miguu, na anatafuta mtu wa kuwazungusha wageni. Nikawahi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Filbati, wageni wa kwanza wanakuja Jumamosi. Alhamisi utanivusha mimi mwenyewe, kwenda na kurudi. Nikirudi mkavu, kazi yako. Nikirudi nimelowa, panda bodaboda urudi kwa dada yako."

Sasa lazima niwaambie kuhusu simu yangu. Nilikuwa nimechoka na ile hesabu ya kila siku, simu inasema mbili, wewe unajumlisha sita unapata nane, basi siku moja nikairudisha nyuma saa sita nzima ili isome Kiswahili moja kwa moja, nikiona sita ni sita, raha mustarehe. Nilijiona nina akili kuliko waliotengeneza simu.

Alhamisi, saa sita mchana, nikafungua utabiri wa hali ya hewa mbele ya Mama Renatha, kwa madaha, nikasoma kwa sauti: upepo mkali na mvua, 2:00. "Saa mbili," nikamwambia, "na ya asubuhi ilishapita, kwa hiyo ni ya usiku, saa hizo tunakula ndizi. Twende." Sikufikiri kabisa kwamba saa ya simu niliigeuza mimi kwa mkono wangu, lakini saa za utabiri zinatoka huko zinakotoka na hazinijui.

Pale ufukweni alikuwepo Ma Koku, mama anayekata mafunjo ya kusukia mikeka, amesimama kwenye tope.

"Shikamoo Ma Koku."

"Marahaba, mwanangu. Upepo unashuka mlimani watu wakishakula cha mchana. Ngojeni kesho asubuhi."

"Mama, hii habari inatoka kwenye setilaiti."

"Huyo Setilaiti anakaa kijiji gani?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Tukavaa majaketi ya kuelea, nikamwelekeza Mama Renatha kitaalamu kwamba tukipata shida tutapuliza filimbi mara tatu, na simu hii hapa, nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki mafundo matatu isilowe. Tukavuka vizuri mno, tukapumzika ng'ambo, tukala karanga, Mama Renatha akaniuliza kama nina mchumba, nikajua kazi nimepata.

Tulipokuwa tunarudi, saa nane kamili, mlima ukatoweka. Hivi hivi, naona mlima, sioni mlima. Upepo ukatupiga ubavuni, mvua ikamwagika, kayaki ikaanza kwenda kule isikoelekezwa, na mimi nahodha wa Muleba nikawa napiga kasia kama mtu anayefukuza nyuki. Mama Renatha mbele yangu akaanza kuimba, na haukuwa wimbo wa Krismasi, ulikuwa wa msibani.

Nikapuliza filimbi mara tatu. Hakuna kitu. (Juu kule kuna shule ya msingi, baadaye nikaambiwa watu walidhani ni mwalimu wa michezo.) Nikahangaika na mfuko wa simu, mafundo yamelowa, vidole vimekufa ganzi, nikajaribu kwa meno, wapi! Hapo ndipo kitu kikatugusa kwa chini, krrrr, kizito, kigumu. Nikasema leo tumeisha.

"Kiboko!"

Nikaweka kiganja mdomoni nikapiga enduru. Sasa huku enduru ni yowe la hatari na sheria yake ni moja: ukiisikia unatoka, uwe unakula, uwe unaoga, maana asiyetoka kesho anaulizwa ana nini na wewe. Wakaja wote! Mapanga, mikuki, ngazi (ya nini, sijui), baba mmoja ana povu la sabuni sikioni, na mbele yao Ma Koku, kajifunga kanga, anatembea majini kuja kwetu.

"Ma Koku rudi! Kina kirefu! Kuna kiboko!"

Akaja mpaka kwenye kayaki, akaegemea. "Waitu, jamani, mbona mmekaa?" Maji yalikuwa hayajamfika hata magotini. "Simama, mwanangu."

"Sisimami."

"Simama."

Nikasimama, suruali ikanasa, ikachanika nyuma yote, na kiboko wangu akawa ni tope gumu la ufukweni, hatua chache tu kutoka pale tulipoanzia. Kicheko kilichopigwa pale, ndugu zangu, sijawahi kukisikia hata harusini.

Mama Renatha hakucheka. Alikuwa amelowa chapachapa. "Filbati, mtandao umetudanganya?"

Wote wananitazama. Ningesema ndiyo, nani angebisha? Huku kila mtu ana ugomvi na mtandao. Lakini nikamwona yule baba wa povu anatetemeka kwa baridi kwa ajili yangu, nikaona haya kweli kweli. "Hapana, mama. Niligeuza saa ya simu kwa uvivu. Ile mbili ilikuwa nane. Ma Koku alisema kweli, mimi nikamcheka."

Akakamua kitenge chake taratibu. "Nimelowa."

"Ndiyo, mama."

Nikachukua begi langu, nikashika njia ya kwenda kutafuta bodaboda, mkono mmoja nimeziba nyuma. Akaniita. "Unakwenda wapi? Ungeusingizia mtandao ningekuongezea nauli uende mbali zaidi. Tafuta suruali. Ila mgeni wangu hagusi maji mpaka Ma Koku aseme."

Tangu siku hiyo simu yangu inasoma inavyotaka yenyewe, najumlisha sita bila kunung'unika, na sitamcheka tena mtu aliyesimama kwenye tope lake. Jumamosi nilikwenda kwa Ma Koku alfajiri, nikapiga magoti kabisa kumwamkia, nikamuuliza kuhusu upepo. Akautazama mlima, akanitazama mimi.

"Leo ni shwari, nendeni. Ila ukipiga enduru leo, mwanangu, mimi siji."