Jaketi la Ngozi ya Farasi

Robota la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya dawa na ya kabati la mtu usiyemjua, na mimi nikiisikia hata leo hukumbuka jaketi moja. Nilikuwa na miaka kumi dada yangu Akinyi alipopata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Barua ya chuo ilimtaka aje na nguo nzito, kwa kuwa angefika katikati ya majira ya baridi. Kwetu karibu na Ndhiwa baridi ilikuwa ile ya alfajiri mvua ikinyesha, na dawa yake ilikuwa chai. Mama aliisoma barua, akaikunja, akanyamaza siku nzima, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Siku ya soko tulikwenda sote watatu. Muuzaji alichomoa jaketi jeusi, zito, akaligonga kwa kidole. "Mama, hii ni ngozi ya farasi, si ng'ombe. Hii hata wajukuu watavaa." Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona farasi ila kitabuni, lakini tulikuwa wafugaji na ngozi Mama aliijua. Alilikunja mabegani, akalinusa, akavuta mshono mmoja mmoja, akapandisha na kushusha zipu mpaka muuzaji akachoka kutabasamu. Kisha akamvisha Akinyi sweta mbili na jaketi juu yake, akamsimamisha juani saa sita mchana ili aone kama kweli lina joto. Jasho lilimtiririka dada yangu mpaka kidevuni. Watu walicheka, nami niliona haya, lakini Mama hakujali. Alimwambia ainue mikono kama anayejitwisha ndoo ya maji.

"Inabana?"

"Haibani, Mama."

Hapo ndipo alipokubali kulilipia. Njia nzima alilibeba mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua akaanza tena kuwasengenya majirani. Nilifurahi kumsikia.

Nyumbani kwetu mtumba hauvaliwi kabla haujafuliwa. Huenda aliyeuvaa amekufa, nani ajuaye, na sheria hiyo Mama alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Siku moja kabla ya safari yeye na Akinyi walikwenda kuaga jamaa, nikaachiwa nguo za safari nizifue. Nilifua zote. Jaketi ndilo nililolipa heshima zaidi: nililiroweka kwa sabuni ya unga tangu asubuhi, nikalisugua kwa brashi, nikalianika kwenye ua juani. Nilitaka dada yangu asiende na uchafu wa mtu. Waliporudi lilikuwa limekauka kama ubao na mabega yamejikunyata. Akinyi aliingiza mkono mmoja. Wa pili ukakwama. Mama hakunichapa, na ningefurahi kama angenichapa. Aliketi akalipaka samli, akalisugua na kulivuta mpaka vidole vikamvimba, ngozi ikalegea kidogo tu: mikono ikaingia, lakini zipu ikakataa kufunga. Siku ya soko nyingine ilikuwa mbali, na ndege ilikuwa kesho.

"Ni mimi nilimfundisha," alimwambia Akinyi, bila kuniangalia.

Akinyi aliondoka nalo, zipu wazi, akinuka samli. Baadaye alipiga simu akasema linamfaa sana, na Mama akaamini, au alijifanya kuamini. Mimi niliambiwa ukweli miaka mingi baadaye: majira yale yote alitembea akilishikilia kifuani kwa mikono miwili, mpaka vidole vikapasuka kwa baridi.

Siku hizi naishi mjini Homa Bay, na simu yangu hunieleza baridi ya mji wa Akinyi kabla sijanawa uso. Najua theluji itaanguka saa ngapi kule, na siwezi kumpelekea hata kikombe cha chai. Desemba iliyopita, nilipokwenda kumwona Mama, Akinyi alitupigia kwa video, dirisha jeupe nyuma yake, amevaa jaketi jipya la ngozi alilojinunulia. Mama, ambaye macho yake yamechoka, aliisogeza simu karibu na pua.

"Nyathina, mwanangu, inua mikono."

Akinyi aliiegemeza simu mezani, akarudi nyuma, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Mtandao ukakatika papo hapo. Picha iliganda, mikono ikiwa juu, na Mama akaendelea kuiuliza, "Inabana? Akinyi, inabana?"