Charline na Mlango wa Oranda

Charline Kahindo hakujua kuangalia filamu akiwa amekaa. Sehemu mpya ya Oranda ikianza, alisimama. Ikifika katikati alikuwa anazunguka meza na simu mkononi, akimgombeza kapteni kwa Kiswahili ingawa kapteni alisema Kifaransa. Mume wake, Benny, alikuwa amezoea.

"Mama Ange," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ile meli itafika tu, hata kama hauisukume."

Oranda ilikuwa filamu ya mfululizo iliyoanza Charline akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na ilikuwa haijaisha. Ilihusu watu ambao dunia yao iliungua, wakapakiwa ndani ya meli moja kubwa kama mji, wakaenda kutafuta sayari nyingine ya kukaa. Kila msimu walipata mahali, wakashusha vyombo, wakapanda mbegu. Halafu jambo likatokea, wakapakia tena. Charline aliijua kama mtu anavyojua ukoo wake, na kama ukoo, ilimkasirisha. Msimu wa saba hakutaka hata kusikia ukitajwa, kwa sababu humo watu wote wa meli walipoteza kumbukumbu. "Ni uvivu wa wenye kuandika," alisema. "Walishindwa kupanga, wakafuta ubao." Lakini alimpenda kapteni wa tatu, Varo. Kila meli ilipotaka kuruka, Varo alipita mwenyewe chumba kwa chumba akiita watu kwa majina.

Wazimu huo aliurithi kwa baba yake. Papa Kakule alikuwa na chumba cha video kule Kiwanja, mji mdogo wa Rutshuru, karibu na soko: kuta za mbao, mabenchi, televisheni moja, na jenereta iliyonguruma nyuma ya nyumba. Wateja wengi hawakuelewa Kifaransa, basi yeye alisimama kando ya televisheni na kutafsiri kwa sauti kubwa, akitia chumvi pale alipoona hadithi imepoa. Mlangoni alikaa mjane mmoja, Nyiransengimana, akikaanga mandazi. Filamu ilipokaribia mwisho aliacha mafuta yake motoni, akaingiza kichwa na kuuliza, "Nani amekufa?" Chumba kizima kilimpigia kelele.

Mwaka wa 2008 vita viliingia Kiwanja. Charline alikuwa Goma, masomoni. Kaka yake mkubwa, Prodige, alimshika mama yao mkono, wakatembea na umati kwenda Kanyabayonga, na kutoka pale wakafika Butembo. Baba yao alibaki. Baadaye habari zikaja kwamba aliuawa ndani ya nyumba yake, na kwamba majirani wamemzika nyuma ya chumba cha video.

Prodige alibaki Butembo, akafungua duka la viatu. Mama yao alizeeka kwake, akafia kwake. Charline aliolewa Goma, akapata kioski cha fotokopi pale Murara. Kaka na dada walisemezana karibu kila juma, kwa sauti walizotumiana kwenye simu, na habari zao zilikuwa Oranda tupu: nani amekosea, nani atakufa, waandishi wamelewa nini. Juu ya siku ile ya Kiwanja hawakuwahi kusema hata neno. Charline hakuuliza. Lakini kulikuwa na swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: baba alibakije, na wewe ukapitaje?

Agosti ya 2024 ilitoka sehemu ambayo mashabiki waliibishania kila mahali. Oranda ilikuwa imetua kwenye sayari moja yenye majani marefu, na ardhi ikaanza kupasuka. Varo alipita akiita majina. Fundi mzee wa mitambo, Tolen, aliyekuwa ndani ya filamu tangu msimu wa kwanza, akakataa kutoka katika karakana aliyoijenga pale chini. Varo akamwomba. Mzee akageuza mgongo, akaendelea kukaza parafujo. Mwishoni Varo akapanda peke yake, akafunga mlango wa meli kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka upesi kwenye ukumbi mrefu bila kutazama nyuma.

Charline alizima simu. Alitoka kwenye kioski bila kukifunga, akashuka mpaka barabara ya lami, akapanda tena, akashuka tena. Jirani akamuuliza kama amefiwa. Alirudi, akabonyeza kutuma sauti kwa kaka yake:

"Yaya Prodige, umeona? Amemuacha! Muzee wa miaka yote ile! Hakumubeba, hakumufunga kamba, hakuna kitu! Huyu si kapteni tena. Mimi nimemaliza na Oranda."

Jibu lilikuja jioni, la taratibu.

"Charline, angefanya nini? Meli ilikuwa imejaa batu. Muzee alikataa. Mutu akikataa, amekataa."

Hapo ulimi wa Charline ukamponyoka. "Ni kweli," alisema. "Wewe unajua vizuri namna ya kuacha batu."

Alipoiachia tu ile sauti alitamani kuivuta irudi. Alama ilionyesha kwamba Prodige ameisikia. Hakujibu siku ile, wala mwezi ule, wala uliofuata. Charline aliandika maneno ya kuomba radhi na kuyafuta. Wakati huohuo alikuwa na hasira bado, na hasira na aibu zikikaa katika kifua kimoja, mtu hapati usingizi. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alihamisha vyombo jikoni, akavirudisha. Aliharibu karatasi za wateja.

Siku za Jumapili, baada ya misa, alikwenda Lac Vert, kambi ya wakimbizi nje ya mji. Vita vilikuwa vimerudi Rutshuru, na kati ya maelfu waliokaa pale chini ya mahema ya plastiki, juu ya mawe meusi ya volkeno, alikuwamo Nyiransengimana. Alikuwa amezeeka, goti moja halikukunjika vizuri, lakini mdomo ulikuwa uleule. Charline alimpelekea maharage na sabuni, na mama yule kabla ya kushukuru aliuliza, "Nani amekufa?" Basi Charline akamsimulia Oranda, akisimama kwa sababu ndani ya hema hakukuwa na nafasi ya kuzunguka. Alipomweleza habari za Tolen, mama alicheka.

"Muzee alichoka kupakia," alisema. "Wewe haujapakia hata mara moja, ndiyo maana unalia."

Charline hakulipenda jibu hilo. Aliaga mapema.

Mwezi wa kwanza wa 2025, habari zikaja kwamba mji wa Sake umeanguka mikononi mwa waasi. Sake si mbali. Asubuhi ile mabomu yalisikika Murara kama mlango mzito unaobamizwa mahali fulani nyuma ya vilima. Benny aliwafungia watoto ndani na kusema hakuna mtu atakayetoka. Charline alijibu sawa. Halafu akazunguka chumba, akachungulia dirishani, akazunguka tena, akachukua kitenge chake.

"Unaenda wapi?"

"Mama Nyiransengimana yuko peke yake."

"Charline! Batoto wako hapa!"

"Ntarudi mbio."

Mwendesha pikipiki mmoja alikubali kumpeleka, lakini njiani alisimama. Barabara yote ilikuwa inakuja upande wao: magodoro vichwani, mbuzi, sufuria, watoto wamefungwa migongoni, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, zimelemewa na magunia. "Mama, mimi nageuza hapa," mwendesha pikipiki alisema. Charline akashuka, akatembea kinyume cha watu wote, mabega yakigongwa huku na huku.

Mahema mengi yalikuwa matupu. Nyiransengimana alikuwa amekaa mbele ya lake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichambua maharage.

"Mama, simama. Tunaenda kwangu."

"Kesho wanatoa bunga," alisema mama, yaani unga wa msaada.

"Bunga gani? Hausikie?"

"Ninasikia. Nilianza kusikia wewe haujazaliwa. Nimekimbia Kiwanja, nimekimbia Rumangabo, nimekimbia Kibumba, nikakimbia Kanyaruchinya. Kila mara ninakimbia mbele ya siku ya bunga. Leo hapana."

Charline alimshika mkono na kuvuta. Mama alimpiga vidoleni kwa mwiko wa mti. Charline akainama ili ambebe mgongoni. Mama akajiachilia mzima kama gunia la mawe, na goti lile bovu likamfanya apige kelele ya maumivu. Charline akamwachia. Bomu moja likaanguka karibu kiasi kwamba ardhi ilitikisika na maharage yakaruka kwenye ungo.

Simu ikalia. Ilikuwa Benny. Hakugomba, sauti yake ilikuwa ndogo. "Risasi zinapita hapa juu. Ange anakuulizia. Rudi."

"Mama, nakuomba," Charline alisema. Alikuwa analia sasa. "Nakuomba kabisa."

Nyiransengimana alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Uko na batoto. Nenda, mutoto yangu. Nenda tu."

Charline alimvika kitenge chake mabegani. Akageuka. Akaenda, kwanza kwa hatua ndefu, halafu karibu kukimbia, na hakutazama nyuma, kwa kuwa alijua akitazama atabaki.

Alifika nyumbani, na Goma ikaanguka. Walikaa ndani, wote katika chumba kimoja, magodoro yameegemezwa dirishani. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mtandao ukapotea. Risasi zilianguka kwenye mabati kama mtu anayetupa kokoto. Charline alitembea kutoka ukuta mpaka ukuta, akiinama chini ya dirisha kila alipopita.

"Kaa chini," Benny alimwambia. "Unatutesa."

Alikaa. Akasimama tena. Mwishoni, simu ikiwa na moto kidogo tu wa betri, alijibanza pembeni akafungua ile sehemu ya Agosti ambayo hakuwahi kuifuta. Aliiangalia bila sauti. Alipofika kwenye mlango, hakumtazama Tolen kama zamani, alimtazama Varo. Aliona jinsi alivyokwenda kwenye ule ukumbi, mabega yamebana, miguu ikitaka kukimbia na kujizuia. Miezi yote Charline aliuita mwendo ule ukatili. Sasa aliujua katika miguu yake mwenyewe. Alizima simu, akajifunika uso kwa mikono, na Ange akaja kumwegemea bila kuuliza.

Mtandao uliporudi, simu ya kwanza aliyoipiga ilikuwa ya Butembo. Prodige alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Uko muzima? Batoto?"

"Tuko wazima wote." Kisha akaongeza, "Yaya... nilienda Lac Vert kumuchukua Mama Nyiransengimana. Akakataa. Nimemuacha."

Halafu Prodige akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu kuliko Charline alivyowahi kumsikia. Alisema kwamba alimvuta baba yao mpaka shati likachanika. Baba alisema jenereta ndiyo maisha yao, kwamba wezi watakuja kabla ya askari, kwamba atawafuata kesho yake. Kwamba mama alikuwa ameketi barabarani akisema bila mume wake hatembei, na Prodige akamdanganya kwamba baba ametangulia na gari. "Nilimudanganya mama mpaka Kanyabayonga," alisema. "Njia muzima alikuwa anaharakisha, amufikie." Charline alisikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hizo zote hakuwa akitembea.

"Nilikutukana," alisema.

"Ulinitukana."

"Unisamehe."

"Mimi nilitaka uniulize tu," Prodige alijibu. "Miaka yote nilingoja uniulize."

Charline alimtafuta Nyiransengimana katika makanisa na mashule ambako watu wa mahema walikuwa wamejibanza, na akamkuta katika uwanja wa parokia moja, chini ya bati, akigombana na mwanamke mwenzake juu ya moto. Vijana wasiomjua walikuwa wamempakia kwenye chukudu jioni ya siku ileile, pamoja na ungo na ndoo, huku akiwatukana. Alipomwona Charline hakusema habari za kuachwa. Alisema bunga halikutolewa.

Mahema ya Lac Vert yakavunjwa, na waasi wakawaambia watu warudi kwao. Charline akafunga kioski, akapanda lori pamoja na mama yule kuelekea Kiwanja. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku za masomo. Mahali pa chumba cha video palikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na unga mweupe umetanda juu ya kila kitu. Nyiransengimana akapita kando ya mashine akichechemea, akamwita kwa mkono.

Nyuma, kati ya migomba miwili, palikuwa na rundo la mawe lililopangwa vizuri na mtu aliyejali.

"Mimi na Ntirenganya wa kushona viatu, ndiyo tulichimba," mama alisema. "Tulimuvalisha koti yake ya misa."

Charline alipiga simu Butembo, akageuza picha ili Prodige aone. Mashine ilikuwa inanguruma, basi Charline akaongeza sauti ya simu, akaiweka juu ya jiwe moja ikielekea kaburi, akachuchumaa, na akaanza kung'oa majani yaliyoota katikati ya mawe, moja moja. Prodige akamwelekeza kutoka kule aliko: hapo kushoto, bado, na lile lingine.