Jembe la Kuchimbia Mpaka

Kaka yangu alipogawa vitu vya marehemu mama, alichukua jembe zito la baba, mimi akanipa lile la palizi, lililolika mpaka likabaki upana wa kiganja. Alisema linanitosha kwa kuwa mimi ni mtu wa mjini. Mjini kwenyewe ni Maisaka, safari fupi tu ya bodaboda kutoka shamba letu la Sigino. Nilipokea, nikashukuru, nikaweka kinyongo.

Maana siku ya mazishi nilikuwa nimeuona mpaka wa shamba. Baba aligawa shamba akiwa hai, nusu kwa kaka na nusu kwangu, akapanda mstari wa mkonge katikati. Miezi yote niliyomuuguza mama nyumbani kwangu sikukanyaga huko. Tulipompeleka kumzika nikakuta mkonge umehamia kwangu hatua kumi nzima, umenyooka vizuri, kazi ya mtu mwenye bidii. Mimi namgeuza mama kitandani, yeye anang'oa mkonge. Sikuweza kulisamehe hilo, na sikujaribu.

Kuna jambo hakulijua. Siku mpaka ule unawekwa yeye alikuwa migodini, na mimi ndiye niliyembebea baba kikapu. Kila shimo la mkonge baba alilichimba kwanza kina cha mkono mzima, akamwaga mkaa na vigae vya chungu, akafukia, ndipo akapanda juu yake. Wazee wa kwetu waliweka mipaka hivyo kwa sababu mkaa hauozi ardhini. Desturi yenyewe kaka aliijua. Alidhani tu kwamba baba, mzee wa kanisa, alikuwa ameshaachana nayo.

Ningeweza kumwambia. Badala yake nilinyamaza, nikamwacha apeleke samadi kwenye kipande changu, alime, apande mahindi na mbaazi. Nilitaka jasho lake lote liingie mle kwanza. Mahindi yalipofika magotini ndipo nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaita wazee watatu, wakapanga Jumamosi, wakanipa sharti la siku zote: anayedai ndiye anayechimba, kwa mikono yake na jembe lake, watu wakitazama. Nikikosa mkaa, nisiutaje tena mpaka huo maisha yangu yote.

Mvua ilikuwa imekata wiki mbili. Udongo wetu mweusi ukikauka unagoma kabisa, na kile kijembe cha palizi kingepinda kabla sijafika kwenye kiwiko. Ijumaa kabla ya adhuhuri nikaenda mjini kati, kwenye duka la mzee mmoja wa Kiislamu aliyeuza majembe tangu mimi nasoma shule ya msingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. La palizi au la kulimia?"

"La kuchimbia. Udongo mweusi, na umekauka."

Akanishushia moja lililopakwa rangi ya bluu. Nikaliegemeza kwenye ngazi ya duka, nikakanyaga pembe yake kwa kisigino. Ikapinda.

"Hili la kupambia ukuta," nikasema.

Akacheka. "Mama, leo una hasira."

"Ninazo, baba. Nipe jembe la mtu mwenye hasira."

Akapanda kwenye kigoda, akashusha mengine manne meusi yaliyojaa vumbi. Akanionyesha shingo, pale mpini unapoingia. Lile la rangi tundu lake lilikuwa limechomelewa, ukilinyanyua na bonge la udongo linaachia. Haya yalifuliwa kwa kipande kimoja cha chuma. Akaning'iniza moja kwenye kidole na kuligonga kwa kufuli. Likalia muda mrefu. Nikamwomba kufuli, nikayagonga yote mwenyewe. Moja lilikata sauti ghafla, na tulipoligeuza kwenye mwanga tukaona ufa mwembamba kama unywele. Nilichagua zito kuliko yote. Mpini nikachukua wa mpera, nikaukagua kama nyuzi za mti zimenyooka mpaka mwisho, nikahakikisha upande mnene unabaki juu ya tundu, ili kila pigo lizidi kuukaza.

"Unachimba nini hasa?" akaniuliza akifunga duka kwenda msikitini.

"Mkaa."

Akanitazama, akaelewa. "Basi chimba taratibu, mama. Jembe zuri halina haraka."

Jumamosi kaka alikuja na mkewe na nusu ya majirani. Nikahesabu hatua kutoka kwenye mwamba wa pembeni kama baba alivyohesabu, nikasimama katikati ya mahindi yake na kuanza kuyakata. Hilo peke yake lilinipa raha. Nikachimba mpaka kwenye kiwiko, hakuna kitu. Jembe likapiga jiwe, likatoa cheche, mikono ikafa ganzi.

"Mdogo wangu, utaumia mgongo bure," kaka akasema kwa sauti ya kuwafurahisha watu.

Niling'oa jiwe, nikaendelea. Shimo lilipomeza mkono wangu hadi begani, udongo ukatoka na vigae, kisha mkaa. Mzee mmoja akapiga magoti, akausugua kiganjani, akawaonyesha wenzake kiganja cheusi. Nikaomba nichimbe na shimo la pili. Wazee hawakulihitaji, mimi nililihitaji. Nalo lilikuwa na mkaa.

Wakaamua kipande ni changu na vilivyomo, kwa kuwa kaka alipanda akijua si chake. Mzee aliyeshika mkaa akaniuliza kama nilijua tangu mwanzo, na kwa nini sikumwambia ndugu yangu kabla hajalima. Nikamjibu kwamba angeuchimbua mkaa. Ulikuwa ukweli, lakini haukuwa ukweli wote.

Kaka akanisogelea, sauti imeshuka. "Mdogo wangu, mahindi chukua. Niachie mbaazi. Watoto wanazitegemea."

Wazee wakanitazama. Ilikuwa hiari yangu.

"Mama aliuliza kila siku kama utakuja kumwona," nikamwambia. "Nikawa namwambia una kazi nyingi shambani."

Mbaazi sikumwachia. Zilipokauka nilizivuna zote, hata zile zilizodondoka nikaziokota moja moja. Wifi yangu alisimama ng'ambo ya mpaka na watoto wake akinitazama. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Jioni nikachemsha za kutosha sufuria nzima, nikala. Nilipomaliza nikapakua sahani ya pili, ingawa nilikuwa nimeshiba.