Mashine Mpya na Sauti ya Nyirarukundo

Habarurema aliuza ng'ombe ili asikie tena sauti ya marehemu mkewe, na mtaa mzima ukasema uzee umempanda kichwani kabla ya wakati.

Hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa muuza maziwa. Ng'ombe wake wachache walilishwa kijijini Munigi, na kila asubuhi alishuka na maziwa yao kwa baiskeli hadi Goma, vyombo vikigongana, juu ya mawe meusi ya volkano yasiyomhurumia mwenye baiskeli. Alimuuza Gaju, yule ng'ombe mwekundu aliyempenda kuliko wote. Alirudi nyumbani na sanduku.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, Wazungu wenye gari lililojaa nyaya walipita wakikusanya nyimbo. Walimkalisha Nyirarukundo mbele ya igisabo chake, kile kibuyu kikubwa cha kusukia siagi, naye akaimba wimbo wa kusukia. Baadaye ilifika santuri moja. Kwenye karatasi yake ya katikati waliandika jina la kiwanda, mji wa kiwanda, hata namba. Mwimbaji waliandika hivi: mwanamke, Kivu. Kana kwamba mwanamke ni aina ya ndege anayepatikana nyanda hizi. Wimbo walijua kuuchukua. Jina la mwenye koo ndilo lilikosa nafasi. Habarurema alilichonga mwenyewe pembeni mwa karatasi hiyo kwa ncha ya kisu.

Homa ilipomchukua Nyirarukundo, binti yao Béata alipelekwa Rutshuru kwa mama yake mdogo, Dancille. Habarurema alibaki na santuri na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, hadi siku springi yake ilipokatika. Sasa Béata alikuwa anarudi kuolewa. Bibi arusi huimbiwa na mama yake anapoagwa, na Habarurema alikuwa ameapa kwamba binti yake ataimbiwa na mama yake, si na mama wa mtu mwingine.

Ndiyo sababu ya sanduku. Ndani yake mlikuwa na mashine ya umeme ya kupigia santuri, yenye spika, ya kutumia betri kubwa kama la lori, kutoka duka la Kakule Julien, Mnande wa Butembo. Habarurema aliiweka mezani, akaipangusa, akaweka santuri. Wimbo ulipokwisha aliurudisha mwanzo, sikio karibu na spika. Kesho yake alikuwa dukani kabla ya mlango kufunguliwa.

"Julien, mashine yako imemeza bibi yangu."

"Imemumeza namna gani, Papa?"

"Sauti iko kavu. Na mbele ya wimbo kuko kitu kinakwaruza, kama kuku juu ya mabati. Gramafoni yangu ya zamani haikukuwa nacho."

"Iko mupya ile. Karatasi ya ndani ya spika ingali ngumu. Ipigishe kila siku, italegea. Utakuja kuniambia mwenyewe."

Julien hakuwa anamdanganya; wauzaji wote waliambiana hivyo. Na Habarurema alimwelewa upesi kuliko mteja mwingine yeyote, kwa kuwa alikuwa mtu wa maziwa. Igisabo kipya nacho kina uchungu. Huweki humo maziwa ya watu siku ya kwanza. Unakijaza maji na kuyamwaga, unakifukiza kwa majani, na maziwa yake ya mwanzo unampa mbwa. Basi aliamua kwamba sauti ya mkewe haitakuwa maziwa ya mbwa. Aliazima santuri za rumba za Léopoldville na za nyimbo za kanisa, akailisha mashine santuri hizo kila siku, toka anaporudi kutoka kwenye maziwa hadi majirani wanapogonga ukuta. Nyirarukundo aliwekwa Jumapili tu, mara moja, kwa kuonja.

Émile, mwalimu wa shule ya misheni aliyekaa nyumba ya pili, alikuja kulalamika, akaelezwa habari ya igisabo, akaishia kucheka.

"Muzee, kama iko kibuyu, si uifukize na majani?"

"Nilifikiria," alisema Habarurema bila kucheka. "Niliogopa waya."

Ikawa kama alivyotarajia. Jumapili baada ya Jumapili sauti ililainika. Ule mkwaruzo ulififia, kisha ukatoweka. Habarurema alimwita Émile asikie. Émile alisikiliza, akakuna kidevu.

"Ni masikio yako yamezoea, Papa. Mashine ni ile ile."

"Masikio yangu nayajua tangu nizaliwe."

"Julien angali na ingine, dada ya hii, haijafunguliwa. Tuziweke pamoja."

Walizibeba kwa baiskeli, mashine na betri, Émile akisukuma nyuma. Dukani Julien alifungua sanduku jipya. Santuri iliwekwa kwanza kwenye ile ngeni. Mkwaruzo ukatoka, kama kuku juu ya mabati, kisha sauti kavu. Habarurema alitabasamu.

"Munaona? Sasa yangu."

Kwenye yake mkwaruzo ulitoka vile vile. Kisha sauti, kavu vile vile. Akaomba warudie. Wakarudia. Émile alikuwa ameshinda, lakini alitazama chini kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

Hapo ndipo Habarurema alipoelewa. Ikiwa mashine haikubadilika, basi aliyebadilika ni yeye. Wiki zote hizo alidhani Nyirarukundo anamjia polepole, kumbe yeye ndiye alikuwa anaondoka kwake, akijifunza kupenda sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuwepo. Na ile ya kweli, aliyoisikia miaka yote jikoni, alipoitafuta kichwani hakuipata.

Nyumbani aliifunika mashine kwa kitambaa. Ilikuwa bado imefunikwa Béata alipofika na Dancille, vumbi la barabara ya Rutshuru kwenye nguo zao.

"Papa, nini iko chini ya kitambaa?"

"Haiko kitu. Nitairudisha."

"Mama Dancille ameniambia uko na sauti ya Mama."

"Ilikuwa yake. Mashine imeiharibu, na mimi nikaizoea vile imeharibika. Sipendi na wewe uizoee."

Béata aliondoa kitambaa. Aliweka sindano juu ya santuri. Mkwaruzo ulitoka, naye akainua sindano upesi, kabla hata neno moja halijaimbwa. Akairudisha mwanzo. Mkwaruzo. Akainua tena.

"Umesikia?" alisema Habarurema. "Ni ile."

"Papa, ni Mama anasafisha koo."

"Koo?" alisema Habarurema.

"Kila mara mbele ya kuimba. Sababu ya moshi wa kufukiza vyombo. Umesahau? Mimi nilikuwa naacha kulia pale pale, mbele ya yeye kufungua kinywa. Nilijua wimbo unakuja."

Dancille alikuwa amekaa kwenye mkeka, anavua viatu. "Na sauti yake ilikuwa kavu, shemeji, tangu utoto. Tulimuita kunguru. Ile gramafoni yako ya zamani ilikuwa inamupaka siagi."

Habarurema alichutama karibu na spika. "Weka tena," alisema. Béata akaweka. Alisikiliza ule mkwaruzo, mdogo, wa haraka, na jiko lote likamrudia: moshi, mgongo wa mkewe ulioinama juu ya chombo, kiganja chake kikipunga moshi machoni. Alilia bila kujificha, na binti yake akamshika bega kama anavyoshikwa mtoto.

Siku ya kumuaga Béata ua ulijaa watu. Julien alikuja, akapewa kiti cha mbele. Émile alishika betri lisiyumbe. Habarurema aliweka sindano mwenyewe, pembeni kabisa mwa santuri, watu wakiwa bado wanaongea.

"Munyamaze kidogo," aliwaambia. "Anasafisha koo."